Taa Zilizowaka Mchana

Isiolo, Ijumaa, Februari 1984

Jua la leo halina huruma, na upepo umejaza vumbi hadi ndani ya kikombe cha chai. Sijala tangu asubuhi.

Nimemharibia mtu jina.

Mwezi uliopita Mzee Halake, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliniomba nimfungie kitu kwenye pikapu yake: taa zibaki zikiwaka dakika moja baada ya kuzima gari, zimmulikie njia hadi mlangoni. Kazi ndogo. Kapasita inashika umeme na kuuachia polepole. Ukiisha, transista inakata, taa zinazima. Transista yenyewe niliitoa kwa redio kuukuu ya marehemu baba. Nikajaribu asubuhi na mapema, karakana ikiwa bado na baridi. Dakika moja, taa zikazima. Nikajiona fundi kwelikweli. Nikavitia vyote ndani ya kisanduku, nikakifunga nyuma ya dashibodi.

Jumanne, saa sita mchana, Boru, dereva wa Mzee, aliegesha gari katika soko la mifugo. Alasiri ikaja habari kwamba binti wa Mzee ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Gari likakataa kuwaka. Betri imekufa kabisa. Binti akapelekwa na gari la jirani, akajifungulia mlangoni mwa hospitali. Ni neema ya Mungu tu kwamba yeye na mtoto wako salama.

Niliitwa nikaangalie. Swichi ya taa ilikuwa imezimwa vizuri. Nikaingiza mkono nyuma ya dashibodi, na kisanduku kilikuwa moto, hakishikiki. Nilielewa papo hapo kwamba kosa ni langu. Boru alikuwa akisema, "Wallahi, mimi nilizima." Watu wote wakanigeukia mimi, fundi.

Nikasema, "Taa ziliachwa zikiwaka."

Na kweli zilikuwa zimewaka. Lakini sikusema kosa ni la nani, na Mzee akamfukuza Boru palepale, miaka tisa ya kazi, mbele ya wachungaji na wanunuzi. Kwa jua lile, nani angeona taa zinawaka? Mimi nikang'oa kisanduku nikijifanya natafuta hitilafu, nikakitia mfukoni.

Leo nilitaka kuhakikisha. Nimekiweka juu ya bati juani, nikakiunganisha na betri na balbu. Baada ya nusu saa, balbu imewaka na ikakataa kuzima. Transista hizo za zamani zikipata joto huvujisha umeme, hazikati. Nilifundishwa hivyo, nikapuuza kwa sababu ya majivuno yangu.

Nikafunga karakana, nikaenda Ngaremara kwa Boru. Nilipotoa salaam aliniitikia vizuri, akaniwekea chai kabla hata hajauliza nimefuata nini. Hiyo chai ndiyo iliniumiza zaidi. Nikamweleza yote nikiangalia chini.

Boru akasema, "Fundi, mimi nilikuwa nimeanza kuamini. Jana nimeambia mama watoto, labda nilisahau. Labda sasa nimezeeka, sifai gari ya mtu."

Ningetukanwa ingekuwa afadhali.

Nikamwambia nitapitia kwa Mzee jioni hii, nimweleze polepole, wawili tu. Boru akatikisa kichwa.

"Mimi sikufukuzwa nyumbani kwake. Nilifukuzwa sokoni."

Kesho ni siku ya soko tena. Nina hofu, sitaficha. Mke wangu ameniuliza nani ataniletea gari tena, na sijui. Nusu ya magari ya mji huu yamepita mikononi mwangu. Sasa kila taa ikififia nitaulizwa mimi.

Nilikuwa nimepanga kufika alfajiri, watu wakiwa bado wachache, nimkute Mzee kabla hajazungukwa.

Hapana. Nitakwenda saa sita, watu wakishajaa.