Ndala za Chooni za Daktari Kuramochi

Mwaka umetimia, Baba Chitose, tangu ulipotolewa mlangoni umebebwa, siku ambayo kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuuliza umevaa nini miguuni.

Watu wa Oginuma wanakukumbuka kwa dawa. Sisi wa nyumbani tunakukumbuka kwa viatu. Ulifika hapa daktari kijana, umejaa vitabu, humjui mtu. Ukajifunza watu kwa kutazama viatu ambavyo wagonjwa walivivua kizingitini: kisigino kilicholika upande, kamba zisizofungwa tena. Mzee Genzo, siku hizo bado kijana, alilalamika kwamba yeye kaja na kikohozi, nawe unamuuliza habari za goti. Goti ndilo lililokuwa bovu.

Hukuwa na haraka. Mtu akianza kueleza tumbo, ulimwacha aeleze mpaka afike kwenye habari za mkwewe, maana matumbo mengi ya hapa yanaanzia huko. Kina bibi uliowakataza chumvi walikuletea figili za chumvi, ukazila mbele yao bila haya.

Kisha ukaanza kutoka chooni na ndala za chooni, zinazopaswa kubaki humo humo, na kuingia nazo kwa wagonjwa. Mara ya kwanza Fusae, mkeo, alicheka. Mara ya pili alicheka kidogo. Wagonjwa waliziona, wakatazama dari. Nani amwambie daktari? Lakini Fusae alijua kwamba anayekosea ndala leo, kesho atakosea dawa, na kosa la dawa halivuliwi kama ndala.

Akakungoja kwenye chai.

"Baba Chitose, mgonjwa wa umri wako akiingia sebuleni na ndala za chooni, utamwambiaje?"

"Kafanya hivyo mara moja?"

"Tangu tupande mpunga."

Ukatazama miguu yako. Ulikuwa umezivaa.

"Nitamwambia asimwandikie mtu dawa tena," ukasema. "Na wewe, Mama Chitose, muda wote huo umekaa kimya?"

"Nilikuwa nakuchunguza. Si wewe unayesema daktari hana haraka?"

Hukununa. Asubuhi ulimpigia simu bintiyo Chitose, daktari wa hospitali ya mjini, arudi ashike zahanati. Ukakaa naye mlangoni ukimfundisha viatu, hata ulipokwisha kulisahau jina lake. Kisigino cha Genzo hukukisahau.

Kila jioni ulituuliza kama umemdhuru mtu, na kila jioni tulikujibu upya. Jibu tunaliandika hapa ili usiulize tena: hapana, hukumdhuru hata mmoja.

Juzi mtawa wa Kibudha alikuja kukusomea dua ya mwaka. Chitose alitazama viatu vyake mlangoni, akamwambia avue na soksi, aonyeshe vidole. Kisukari kilikuwa kimeanza. Mtawa sasa ameacha keki tamu za maharage, na analalamika sana.

Tunaokukumbuka: Fusae mkeo, Chitose bintiyo, na Genzo, ambaye si ndugu ila amegoma kuondolewa jina.

Humu mioyoni mwetu ingia tu, Baba Chitose. Hata na ndala hizo.