Baba Ananiamkia Shikamoo Kwenye Kundi la Sataranji

Mpendwa Shangazi Anyelwisye,

Naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba usinicheke, maana rafiki yangu wa kazini niliyemwambia alicheka mpaka akakaa chini, halafu alipomaliza akaniangalia akasema, "We dada, hapo umeyakoroga," na tangu siku hiyo hanishauri chochote.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Iringa, pale Ipogolo, ila sasa naishi Soweto hapa Mbeya na ni karani kwenye ghala la parachichi. Napenda sana sataranji. Baba ndiye aliyenifundisha nikiwa darasa la tatu, na yeye alifundishwa na Mzee Umakant, Mhindi mwenye duka la vitambaa Iringa mjini ambaye baba alimfanyia kazi miaka mingi, walikuwa wakishafunga duka Jumapili mchana wanaweka ubao juu ya majora ya vitambaa wanacheza mpaka mke wa Mzee Umakant aje kuwafukuza.

Miaka miwili iliyopita niliingia kwenye kundi la Telegram la wachezaji wa mikoa yetu hii, Iringa, Njombe na Mbeya, watu wanatuma michezo yao na kujadiliana nani alikosea wapi. Kundi lina sheria kwamba hakuna jina la kweli, kwa sababu humo kuna mabosi na watu wao wa chini, na kuna mchungaji mmoja aliyesema wazi hataki waumini wake wajue anavyokasirika akiliwa malkia. Mimi niliingia kwa jina la Malkia wa Mbeya, na Shangazi, nilijuta, kila nikieleza jambo mwanamume mmoja ananieleza jambo hilohilo kana kwamba sikulisema mimi, na wengine wananifuata pembeni, "Mambo mrembo, tuma picha." Nikatoka. Baada ya mwezi nikarudi nikiwa Mzee Lutengano, miaka sabini na moja, bwana shamba mstaafu wa Tukuyu. Maneno yalikuwa yaleyale, ila sasa yaliitwa hekima! Watu wakawa wananiamkia shikamoo kwa foleni na mimi naitikia marahaba, mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu, baadaye nikazoea, nikafika mahali nalalamikia magoti.

Miezi saba iliyopita akaingia mtu anayejiita Mpanda Mlima, mwenye adabu sana, anasema ana miaka sitini na mitatu, na kila asubuhi bila kukosa ananiandikia pembeni, "Shikamoo mzee wangu, umeamkaje," namwitikia, "Marahaba mwanangu," tunajadili mchezo mmoja, naenda kazini. Nilimpenda. Sasa miezi mitatu iliyopita, saa ya chakula cha mchana, akanisimulia alivyojifunza sataranji juu ya majora ya vitambaa dukani kwa Mhindi, Jumapili, na simu ikanitoka mkononi ikaangukia kwenye sahani ya wali.

Utaniuliza kwa nini sikusema palepale. Shangazi, mimi na baba hatuongei. Mwaka jana familia ya mchumba wangu Isakwisa ilitaka kuleta washenga, na wakati ule baba alikuwa anaumwa kifua, nikaona kumsumbua kwa nini wakati baba mdogo Jailos yuko hapa Uyole karibu, wakapeleka barua ya posa kwake ili yeye aje amfikishie baba, na kwetu hilo halifanyiki baba mwenye mtoto akiwa hai, mimi nilijua ila nikaona ni dunia ya leo. Baba akasikia kwa watu kabla Jailos hajafika. Alinipigia simu akasema maneno matatu tu, "Umenizika ningali hai," akakata, na huu ni mwaka na miezi miwili hapokei simu yangu. Halafu mtu huyohuyo asiyepokea simu yangu ananiamkia shikamoo kila siku, na mimi naitikia, kwa sababu niliogopa nikisema nitaikosa hata hiyo shikamoo, nikawa najiambia kesho, kesho, na kesho ikawa miezi mitatu.

Na ndani ya miezi hiyo akaniambia mambo. Akaniambia ana binti aliyempita akampelekea mdogo wake posa. Akaniambia tangu mke wake afariki, yaani mama yangu, binti huyo ndiye mtu pekee aliyekuwa anamfunga sataranji, na yeye kila akifungwa alikuwa anajidai amemwachia, kumbe hakumwachia hata mara moja. Mengine siwezi kuyaandika hapa, ni maneno ambayo mzazi hamwambii mtoto wake. Halafu mwezi uliopita akaniuliza, "Mzee wangu, wewe ni mkubwa kwangu, arusi ya huyu mtoto imekaribia, niende au nisiende?" Nikamjibu! Shangazi, mkono wangu huu ndio ulioandika, "Nenda mwanangu. Amekosa, lakini ni wako." Akajibu, "Asante mzee. Angeniambia mwingine nisingesikia. Kwa kuwa ni wewe, nitakwenda." Badala ya kufurahi, siku nzima nikawa nakosea kuhesabu makreti.

Sasa sijui kinachoendelea. Siku mbili baada ya hapo nilikuwa naeleza mchezo fulani kundini, nikaandika, "Hapa kizibo kinaruka, mfalme hana pa kwenda." Ile seti ya nyumbani farasi mmoja mweupe alipotea zamani na tuliweka kizibo cha soda, kwa hiyo kwetu farasi huyo tunamwita kizibo, na mimi nikajisahau. Watu wakauliza kizibo ndio nini tena, nikasema ni vidole vya uzee vimekosea kuandika. Baba hakuuliza kitu. Ila tangu hapo amebadilika, ananiandikia mara chache, na maneno mafupi, kwa ile salamu ya kwetu Iringa isiyochagua umri, "Kamwene. Umeshakula?" au, "Kamwene. Baridi imezidi, vaa sweta." Basi. Sataranji hataki kujadili. Sijui amemchoka Mzee Lutengano, sijui amekasirika kwamba mzee alimwambia aende arusini, sijui anaumwa tena kifua, nakaa nasoma hiyo kamwene mara kumi sipati jibu.

Na kubwa zaidi, kundi limeamua tukutane Makambako, katikati kwa wote, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kila mtu aje avue jina lake la bandia tucheze uso kwa uso, na arusi yangu ni wiki mbili baada ya hapo. Nifanyeje? Nimefikiria Mzee Lutengano afariki kwa presha, ila nimeona watu watachanga rambirambi. Nimefikiria kumpeleka jirani yangu, mzee wa kweli, akae kama mimi, na nimeshaanza kumfundisha lakini kila siku anasahau farasi anatembeaje. Nikisema ukweli, baba atajua niliyemshauri aende arusini ni mimi mwenyewe mwenye arusi, na kila alichoniambia nimekisikia. Atanizika na yeye. Sijui mimi ni nani sasa, Shangazi, kuna siku Isakwisa aliniita jina langu nikachelewa kuitika.

Jina langu naomba lisitoke.

Nisiyejijua, Soweto, Mbeya


SHANGAZI ANYELWISYE ANAJIBU

Binti wa Soweto, pole. Kwenye jirani na farasi wake nimecheka, unisamehe, ni udhaifu wangu. Kwingine kote sikucheka.

Tuanze na lile lisilo kosa. Kujiita Mzee Lutengano sikulaumu. Kundi zima lilikuwa na majina ya bandia, na wewe ulipokuja kama mwanamke ulinyimwa heshima ukaletewa "tuma picha". Wale wanaume wanaosoma gazeti hili wakiwa Njombe na Iringa wajijue, na yule mchungaji naye ajitazame. Ulitaka kusikilizwa kwa unachokijua, ukapata. Ungeishia hapo ningekupigia makofi.

Hukuishia hapo. Siku simu ilipoangukia kwenye wali ulikuwa umeshamjua, na kuanzia siku hiyo haukuwa mchezo tena. Ulikaa nyuma ya mlango ukimsikiliza baba yako akivua moyo wake kwa mtu ambaye hayupo. Alipouliza niende nisiende, wewe mshitakiwa ukapanda kiti cha hakimu ukajiachia huru. Aibu iliyokukosesha hesabu ya makreti ilikuwa na haki yake, usiitafutie dawa.

Na kuna jambo ambalo hukuliona, kwa kuwa uko ndani yake. Baba yako alikasirika kwa nini? Kwa sababu ulikuwa na neno la kumwambia ukampitishia mtu mwingine. Ulimtuma Jailos. Sasa mwaka na miezi miwili baadaye una neno lilelile, nisamehe baba, njoo arusini, na umempitishia Lutengano. Mara mbili! Kosa hujalitubu, umelirudia kwa simu. Leo unataka kulirudia mara ya tatu kwa jirani, na mimi nakushuku hata barua hii uliiandika ukitumaini ataisoma gazetini ikupunguzie safari.

Sasa vuta kiti ukae, maana mimi sataranji siijui, sijui hata kama farasi anakwenda mbele au nyuma, lakini watu nawajua. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mpanda Mlima alimwamkia Mzee Lutengano shikamoo kila asubuhi kwa miezi sita bila kukosa. Wewe ukaandika kizibo. Watu wote wakauliza kizibo ni nini, yeye peke yake hakuuliza. Na tangu siku ya kizibo, shikamoo iko wapi? Irudie barua yako mwenyewe uitafute. Haipo. Mtu wa miaka sitini na mitatu, mwenye adabu zake, anaachaje kumwamkia mzee wa miaka sabini na moja? Na tangu lini mzee wa Tukuyu anaulizwa umeshakula, vaa sweta? Hakumchoka Lutengano, binti. Amejua Lutengano ni nani, na shikamoo hampi mwanawe. Umebaki hapo unaisoma kamwene mara kumi, na ni baba yako anaongea na wewe.

Amejua, na hajakufukuza. Anakuuliza kama umekula. Lakini tulia, usianze kupiga vigelegele, kwa sababu huenda nimekosea, mimi namsoma mtu nisiyemwona kupitia barua ya mtu asiyejijua. Na hata kama sijakosea, kujua kwake hakukuondolei wewe kazi ya kusema. Anakusubiri, au hakusubiri, unakwenda vilevile.

Kwa hiyo fanya hivi. Makambako hufiki kwanza. Jumamosi ijayo asubuhi panda basi la Iringa, ushuke Ipogolo, na uende peke yako. Usipige simu kabla, usimtangulize Jailos, Isakwisa abaki Mbeya ahangaike na mambo ya arusi. Ukifika anza na posa, maana ndilo kosa la kwanza na ndilo linalouma, useme nilikupita baba na nilijua ninachofanya. Hiyo habari ya dunia ya leo usimletee. Halafu mwambie Mzee Lutengano ni wewe, tangu lini ulimjua, na kwa nini ulinyamaza. Atakapomaliza kusema yake, mrudishie neno lake. Mwambie ile ahadi ya kuja arusini aliitoa kwa mtu ambaye hayupo, kwa hiyo haimfungi, na akikataa utaelewa. Hapo ndipo utatetemeka. Tetemeka na useme.

Yale aliyokuambia pembeni ni yake. Usimsimulie Isakwisa wala ndugu zako, na yule rafiki wa kicheko umemwambia ya kutosha. Lile la kufungwa na kujidai amekuachia umeshaliweka gazetini, kwa hilo muombe radhi pia. Lutengano mtoe kundini kwa kumwambia kiongozi wa kundi ukweli, hakuna presha, hakuna rambirambi, na ukipenda rudi kwa jina lako. Akija wa "mambo mrembo", mfunge mbele ya watu. Na yule jirani, jamani, mwache apumzike.

Sitakuahidi kwamba baba atakuja arusini. Sijui. Ninachojua ni kwamba una mzigo wake unaukalia, shikamoo za miezi sita, na hata moja haikuwa yako. Ukifika mlangoni usiseme lolote kabla ya shikamoo yako kwake. Piga goti, mwamkie, kisha nyamaza kabisa, usubiri yeye aitikie.