Daftari la Mtendaji

Masieda, Jumapili

Dada Bernadina, shikamoo.

Maharage tumeshavuna, na sweta uliyomtumia Oliva wangu imemkaa vizuri.

Jumanne aliivaa, tukaenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua ya shule ya viziwi. Akafunua daftari. "Mama Tito, hapa kwako yuko Tito tu. Uliniambia mwenyewe."

Ni kweli, dada. Walipopita kuandikisha watoto wenye ulemavu niliona aibu, nikamficha Oliva zizini. Sasa nafasi wamepewa walioandikwa, na umri wake wa kuanza umeshapita.

Jana jirani alikuja kuazima jembe. Oliva hakusikia hodi, ila aliniona nikiinuka kwenda mlangoni. Akatoka mwenyewe kwa nyuma, akaingia zizini, akavuta mlango.

Mdogo wako,
Marieta