Kadi Iliyonituma Kumtaja Mdogo Wangu

Mshauri mpenzi, nimevumilia wiki tano, sasa naomba unisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni karani wa masjala, nina miaka arobaini na mbili, na tafadhali usinicheke, kila Jumapili mchana nakutana na wenzangu watatu kwenye chumba cha nyuma cha duka la mpiga chapa, mashine tukiwa tumezifunika shuka, tunacheza mchezo wa kuigiza wa mezani, ule wa mazimwi na ngome, ambao kila mtu ana mhusika wake anayekaa naye miaka na dadu ndiyo inayoamua kama upanga umepata au umekosa. Mpiga chapa ndiye msimulizi, anaongoza hadithi na kuwaigiza maadui wote, na wachezaji ni mimi, mwalimu wa hesabu na mdogo wangu wa kike, mshona mapazia, ambaye nilimleta mwenyewe ili tuzoeane upya.

Kila mhusika ana kadi ya tabia yake. Yangu inasema Mwema, Mtii wa Sheria, maana mimi ni askari wa hekalu niliyekula kiapo cha kutosema uongo, na ya mdogo wangu inasema Huru, Hana Upande, kwa kuwa yeye ni mwizi wa funguo, tunamwita Kidole, na huyo Kidole mdogo wangu amemtunza miaka sita, kamchorea hadi viraka vya koti. Kila mwisho wa mwezi msimulizi humpa alama aliyeishika kadi yake kuliko wote, na alama hizo ndizo zinazomkuza mhusika.

Basi siku hiyo Kidole alifungua gereza la mtawala akawatoa wanakijiji waliokuwa wakibebeshwa mawe, akakimbilia kinuni, kwenye banda la kusagia nafaka, na askari wa mtawala wakaja langoni nilipokuwa nikilinda, mpiga chapa akakaza sauti akaniuliza, "Mwizi yuko wapi?" na mdogo wangu akanitazama akatikisa kichwa kidogo, nami nikaangalia kadi yangu nikasema, "Yuko kinuni, nyuma ya magunia." Dadu zikamkataa, akakamatwa, akanyongwa. Mwalimu aligonga meza akasema, "Neno mwema limetangulia, husomi?" na mpiga chapa akasema kadi ni kadi, akanipa alama zote za mwezi. Mdogo wangu alikunja karatasi ya Kidole mara nne, akaitia mkobani, akasema, "Umeniuza tena, dada," na tangu hapo simu zangu hapokei.

Hiyo "tena" ndiyo inayoninyima raha, kwa sababu alipokuwa na miaka kumi na tisa alitoroka nyumbani ili asiozwe kwa rafiki yake baba, na baba akaniuliza yuko wapi, na mimi sikulelewa kuwadanganya wazazi, nikasema yuko kwa mwenzake nyuma ya kiwanda cha matofali, akarudishwa, akaolewa, akakaa miaka minane na mume aliyemwachia sikio moja tu linalosikia, lakini hayo ni ya zamani na huu ni mchezo, na mhusika wangu asingeweza kufanya vingine. Naomba unieleze: kadi yangu niliisoma vibaya?

Ni mimi, karani.

JIBU

Karani, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi.

Tuanze na kadi, maana ndiyo uliyouliza. Ndiyo, uliisoma vibaya. Kadi inaeleza mtu alivyo, haimtumi kama mtoto anayetumwa dukani. Kiapo chako kilikukataza uongo, hakikukataza kufunga mdomo. Ungesema, "Sikuambii," ungebaki mkweli, ungebaki mwema, na askari wangehangaika na magunia yao wenyewe. Na hiyo sheria uliyoitii ni ya mtu anayewabebesha watu mawe. Mwalimu wako wa hesabu yuko sahihi, na mpiga chapa anagawa alama kama mtu anayepima pazia bila kuona dirisha.

Lakini hukuniandikia kwa ajili ya kadi. Umetumia mistari mingi kunieleza dadu na shuka za mashine, halafu sikio la mdogo wako ukalipitisha haraka haraka, ukamalizia na "hayo ni ya zamani". Zamani ya nani, dada? Yeye analala nalo kila siku. Nakuonea huruma, kweli, kwa sababu ulikuwa binti wa baba mkali na najua sauti ile inavyouliza. Ila huruma yangu inaishia pale ulipopewa nafasi ya pili, mezani, mchana kweupe, bila fimbo ya mtu yeyote, mdogo wako akakuomba kwa kichwa, na wewe ukachagua alama.

Sasa sikiliza. Mpiga chapa anaweza kumfufua Kidole kwa kalamu yake. Usimwombe hivyo. Kidole si wako kumrudisha. Alama zako zifute, na Jumapili ijayo usiende.

Nenda kwa mdogo wako siku ya kazi, akiwa kwenye cherehani yake, ukae upande anaokusikia. Usitaje hekalu wala kiapo. Usiseme "mhusika wangu". Neno "lakini" liache mlangoni pamoja na viatu. Mwambie: baba aliniuliza, ningeweza kunyamaza, nikasema. Kisha nyamaza, ujifunze sasa. Akilia, usimbembeleze ili na wewe upate nafuu. Akikufukuza, ondoka, na usirudi mpaka akuite, hata kama hatakuita.

Na akikuuliza kwa nini ulimtaja, usimwambie kwamba wewe ni mtu wa kweli. Hilo ameshalisikia, na limemgharimu miaka minane. Mwambie uliogopa. Ulimwogopa baba, ukaona afadhali apigwe yeye kuliko wewe. Wewe usiyesema uongo, huo ukweli hujawahi kuusema.