Sikubisha Hodi

Mdogo wangu mpenzi, Mchokozi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini mgongo wako umepona, na mumeo ameacha kujifanya hajui hata kuchemsha maji. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma humu. Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Mwandiko wangu unaujua tangu enzi zile nilipokufanyia kazi za shule ukapigwa mara mbili, kwa uvivu na kwa makosa yangu. Sauti yangu ndiyo nisiyoiamini tena, na nakuomba nawe usiiamini mpaka umalize kusoma.

Unakumbuka nililetwa mji huu kufundisha mafundi wapya wa meno ya bandia. Asubuhi tunachonga nta na kumwaga plasta kwenye kalibu, mchana tunasugua na kung'arisha mpaka vumbi jeupe linatuingia masikioni. Huwa nawaambia kwamba jino zuri ni lile ambalo hata mwenye kinywa anasahau kuwa si lake. Kazi inachosha, lakini jioni narudi chumbani kwangu, na humo, mdogo wangu, hakuna anayeniita. Siku ya kwanza nilikula mkate na yai nikiwa nimesimama dirishani, nikaoga mpaka maji ya moto yakaisha. Hakuna aliyetafuta soksi. Hakuna aliyegonga mlango wa bafu kuniuliza kama nimo. Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikasema kwa sauti kwamba laiti ningebaki hapa na wao wasitambue hata kama nimeondoka. Kisha nikaona haya, nikapiga simu nyumbani.

Shemeji yako alipokea, akaniuliza mbona nampigia simu na hali niko jikoni. Unamjua kwa mizaha, nikacheka. Akacheka pia, akasema mchuzi unafurika, akakata. Kabla hajakata nilimsikia mwanamke akiwaambia watoto wanawe mikono, tena kwa ule wimbo wangu wa kuhesabu vidole. Nikajiambia ni wifi amekuja kusaidia, Mungu ambariki.

Nilipopiga tena nilimpata kitinda mimba. Alikuwa amenuna. Jino langu la juu kushoto unalijua vizuri, maana aliyeling'oa lile la kwanza ni wewe, kwa ndoo, tulipogombania zamu ya kuchota maji. Hili nililo nalo nililitengeneza mwenyewe, na kila nikimaliza kula cha jioni nalitoa na kuliweka kwenye kikombe cha buluu pale kwenye sinki. Kitinda mimba hakubali kwenda kitandani bila kuliaga. Basi alilalamika kwamba kikombe ni kitupu, kwamba siku hizi mama hatoi jino. Alijaribu kulivuta mwenyewe, likagoma, na mama akacheka, akavunja mfupa kwa meno ya upande uleule.

 Nililigusa jino langu kwa ulimi; lilikuwepo, linacheza kidogo kama kawaida yake.

Mama mwingine angekimbilia kituo cha basi bila hata viatu. Mimi nilikaa kitandani, halafu nikajilaza, nikalala usingizi mtamu ambao sijaulala tangu nizae. Kesho yake mkuu wetu aliuliza nani angeweza kubaki kulifundisha kundi la pili. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza swali.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu. Jumapili moja nilikwenda nyumbani. Nilifika mchana, jua kali, barabara yetu haina hata mbwa. Nilizunguka nyuma, nikachungulia dirisha la jikoni. Shemeji yako alikuwa anamenya viazi na kusimulia kitu, watoto wakubwa wanacheka, na kitinda mimba amepakatwa na mimi. Ndiyo, na mimi. Alikuwa amevaa gauni la kijani, lile lenye alama ya pasi kiunoni, nami nilikuwa nimelivaa lilelile pale nje.

Aliinua macho akaniona. Hakushtuka hata kidogo. Alitabasamu kwa meno yote, kisha akanionyesha barabara kwa kidevu, kama mtu anayemruhusu mwenzake mwisho wa zamu. Nami niliondoka. Sikubisha hodi, mdogo wangu. Nilisimama hatua mbili kutoka mlango wangu mwenyewe na sikubisha hodi. Kituoni nilinunua aiskrimu, nikaila yote bila kumlambisha mtu, na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na utamu wake naukumbuka mpaka sasa.

Ila jana mama mmoja aliingia karakana yetu amembeba mtoto usingizini, mdomo wazi, na yule mtoto akapumua karibu na shingo yangu. Niliwataka wangu. Nikapiga simu. Kitinda mimba alipokea, akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni mama. Akaita kuelekea jikoni kwamba mama, kuna mtu anakutaka.

Yule alichukua simu. Alizungumza nami kwa upole, kwa sauti hii hii yangu, akanisihi nisiwe na wasiwasi, nipumzike, sikuwahi kupumzika maskini. Akasema Jumamosi amekualika wewe chakula cha mchana. Kama ulipata simu yangu ya kukukaribisha, basi ujue haikuwa yangu.

Nakuomba uende. Kula, cheka, usimwonyeshe kitu. Ukae karibu na mlango wa nyuma. Nitakuja wakati wa chakula, na safari hii nitabisha hodi. Sijui kama watoto watanijua, wala shemeji yako. Simlaumu yeyote, maana mwenyewe nilitaka wasitambue. Nilipenda kuwa mbali nao na ninawapenda wao. Yote mawili ni kweli, na naomba usiniulize mbele yao lipi zaidi. Jino nitakuwa nimelitoa, nimelishika mkononi. Nitafungua mdomo mbele yako, uione kazi ya ndoo yako. Ukiiona, sema karibu, tena haraka, kabla yeye hajasema hakuna mtu.

Msalimie mumeo, uwabusu wanao kila mmoja kwenye paji la uso, na usiwaambie ni kwa niaba ya nani.

Ni mimi dada yako,
Mwenye pengo.