Karanga za Shimoni

Alhamisi. Mvua imenyesha asubuhi tu, sasa jua linawaka na mtaa wetu wote wa Gihosha unanukia udongo. Nimetulia, ila nina aibu.

Mama mkwe wangu yuko kwetu tangu vita vilipofika kilimani kwake. Kabla ya kukimbia alifukia gunia la karanga nyuma ya nyumba, kama walivyofanya majirani zake wote, lisiporwe. Wiki iliyopita bunduki zilinyamaza kidogo, akapanda kilima, akalifukua, akaja nalo kichwani. Tangu hapo anazisaga na kumpikia uji binti yangu Keza. Nami niliusifu sana uji huo.

Jumapili nilichungulia gunia, nikaona vumbi la kijani kwenye karanga. Kazi yangu ni ya maabara, kwa hiyo nilichukua tano, nikaziweka kwenye jeli ya viazi, ile tunayooteshea kuvu ili tuitambue. Leo jeli imefunikwa na kuvu ya kijani inayoelekea njano. Ni Aspergillus flavus, mkazi wa udongo wa siku zote. Kibaya zaidi ni sumu inayoweza kutoa, aflatoksini, inayoharibu ini polepole na isiyoisha hata ukikaanga karanga mpaka ziungue. Kama imo au haimo sijui. Dawa za kuipimia ziliisha zamani, na barabara zimefungwa.

Siku nne nimemnunia mama wa watu bila kumwambia kwa nini.

Mchana huu nimemwambia kuhusu kuvu na sumu yake, na kwamba karanga zote tuzitupe. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa magotini.

"Watu ya bunduki hawakuziona," akasema. "Sasa we ndo unazitupa?"

Nikamjibu kuwa namhofia mtoto. Akatabasamu.

"Mutoto apana. Ya mutoto nachagua moja moja. Ile ya kijani nakula mi."



Siku zote hizo nilikuwa namkagua Keza macho na ngozi kama vimegeuka njano, dalili ya ini kuumwa, na sikujiuliza hata mara moja mama anakula nini. Mimi, mtu wa maabara, ninayejisifu kwa kuona vitu vidogo.

Tumelimwaga gunia lote kwenye shimo la choo, yeye kashika pembe moja, mimi nyingine. Hakulia. Nililia mimi.

Kesho nampeleka kwa daktari, aangaliwe ini. Nimemwambia, akaitikia sawa, kisha akauliza Keza atakunywa uji wa nini.