Rola Isiyofungwa

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini ikae kama pambo? Na macho ya Bibi je, bado anamwita paka kwa jina la mjukuu? Sisi huku tunapumua, na nakuomba usome neno hilo kama lilivyo, usiongeze lako.

Maana najua habari zimekufikia kabla ya barua. Binamu dereva amesikia, na yeye akisikia dunia imesikia. Ni kweli, mkono wa mdogo wangu, kitindamimba wako, uliingia kwenye mashine. Tafadhali usigeuze karatasi kutazama mwisho. Soma kama ilivyotokea, kwa sababu na wewe umo.

Unajua kazi yangu kiwandani ni kubuni vikinga, yaani vitu vya kuzuia mashine isile watu. Katoni za sabuni hutoka kwa wapakiaji juu ya mkanda, kisha hupokelewa na rola, vile vyuma vya mviringo virefu kama mchi, vinavyozunguka na kuzisukuma mbele. Pembeni nimefunika minyororo yote kwa bati. Lakini mkanda unapoishia na rola ya kwanza inapoanza pana upenyo, na huwezi kuufunika kwa juu, maana katoni lazima zipite. Mkanda ukishuka pale huvuta chochote. Ulishavuta vidole vya mpakiaji mmoja, mama wa mapacha, na siku hizi wanawe ndio wanaomfunga vifungo vya gauni.

Basi nikaamua rola ya kwanza isifungwe. Imekaa tu kwenye nafasi mbili zilizo wazi kwa juu. Kidole kikivutwa, kinaiinua, inaruka nje na mkono unabaki huru. Ukiifunga haitoki, na kitakachovunjika ni kidole. Uzima wa mtu uko kwenye ule ulegevu.

Ubaya wake ni kelele. Iligongagonga kutwa, wapakiaji wakaiita jino bovu la injinia. Kitindamimba anafanya kazi kwenye laini hiyo hiyo, akawa anasikia dada yake anavyochekwa. Shangazi, nani alimlea? Nyumbani kwako mlango wa jikoni umefungwa kwa waya, mguu wa meza kwa waya, mpini wa sufuria kwa waya. Kinachocheza kifungwe, ndivyo ulivyotufundisha. Mimi nilisahau, yeye hakusahau.

Alhamisi meneja alikuja kukagua. Kwa kawaida najaribu kwa kijiti cha mti laini, nikakichukua. Meneja akakitazama, akauliza tangu lini kijiti kikawa na mke na watoto.

“Kama unaiamini, tia mkono wako.”

Hasira hasara, lakini ilikwisha kunipanda. Nikakunja mkono wa shati. Wapakiaji wote wakaacha kazi kunitazama. Mashine inanguruma, na mimi nikahisi kuna kitu kimepungua kwenye ule mngurumo, nisijue ni nini. Rola haikuwa ikigonga.

Vidole vyangu vilikuwa karibu kabisa na mkanda pale kamba ya dharura ilipovutwa na kila kitu kikasimama. Aliyeivuta ni kitindamimba.

“Dada, usitie. Nimeifunga.”

Aliifunga asubuhi ile, kwa chini, kwa waya, kwa ustadi wako wote, ili siku ya ukaguzi nisichekwe.

Meneja akaamuru afukuzwe, rola ichomelewe isitikisike tena, na pabandikwe kibao cha onyo. Kibao, Shangazi! Siku mama wa mapacha anabanwa kibao kilikuwepo, na kusoma anajua. Nikamsihi aniache nikate waya nijaribu tena kwa kijiti. Akatazama saa yake, akanyamaza, nikauchukua ukimya huo kuwa ruhusa. Nikakata kwa koleo, nikaikalisha rola mahali pake, nikainama kuokota kijiti.

Nikasikia mashine inawaka. Nilipoinua uso, mkono mmoja wa mdogo wangu ulikuwa kwenye swichi. Ule wa kulia ulikuwa tayari umeingia kwenye upenyo.

Rola iliruka, ikaanguka kando ya kiatu cha meneja na kubingirika hadi ukutani. Nilimvuta, nikamzaba kofi mbele za watu, nikamkumbatia, na hadi leo sijui nilianza na lipi.

“Niliifunga mimi, Dada. Wa kujaribu ni mimi.”

Habari za mkono nimemwachia mwenyewe aseme.

Rola imebaki. Nimeiwekea mpira chini isigonge, jambo nililopaswa kulifikiria mapema, kwa sababu kikinga kinachowakera watu, watu hao hao watakiua. Yeye ameambiwa akae nyumbani hadi wakubwa waamue. Nimewaambia wakimfukuza watafute na mbunifu mwingine. Usiku huo sikulala, maana mwenye nyumba hudai kodi, hadai ushujaa. Lakini neno likishatoka halirudi, na sitaki lirudi.

Nisalimie Bibi, nisalimie wifi na kichanga chake, na binamu dereva mwambie kuna siku nitabuni kikinga cha ulimi, yeye awe wa kwanza kukijaribu. Mungu akutunzie magoti yako na mikono iliyotulea.

Mwanao asiyechoka kukupenda,
Dada Mkubwa

Sasa nampa kalamu. Mwandiko wake wa kuku aliyekimbizwa ulijaribu kuunyosha kwa fimbo ukashindwa, kwa hiyo utajua hakuna aliyeughushi.

Shangazi shikamoo. Ni mimi, na ninaandika kwa mkono huo huo wa kulia. Kucha moja imekuwa nyeusi, vidole vyote vipo. Shangazi, mlango wa jikoni usiufunge tena kwa waya. Siku moto ukiwaka ndani utatokaje? Ufungue leo, uuache ugonge tu. Nikija nitautia bawaba.